Roscoe Arbuckle: maswali yanayoulizwa sana, na majibu yake

Mtu akianza kufuatilia muvi zile za kimya za mwanzo kabisa lazima atapita kwa Chaplin, halafu atahamia kwa Buster Keaton, na katikati ya hao wawili atakutana na jamaa mnene, uso wa kitoto, suruali fupi, kofia ndogo haimtoshi, anaruka sarakasi kama hana uzito wowote. Ndo huyo. Na akishamtafuta mtandaoni kitu cha kwanza anachokuta sio muvi, ni kesi. Kwa hiyo maswali ninayopata kumi, nane ni ya kesi. Nitayajibu, ila nimeyaweka chini makusudi, maana huyu mtu alifanya kazi miaka mingi kabla ya ile siku ya hotelini na mi naona kazi ndo iongelewe kwanza.

Kwani alikuwa nani hasa?

Jina kamili Roscoe Conkling Arbuckle, kazaliwa 24 Machi 1887 Smith Center, mji mdogo jimbo la Kansas, familia ya watoto tisa. Alizaliwa mkubwa sana, wanasema zaidi ya kilo 5, na baba yake ambaye alikuwa mwembamba kama mama alivyokuwa mwembamba akaanza kuwa na mashaka kwamba mtoto sio wake, hayo mashaka hayakuisha mpaka anakua. Wakahamia Santa Ana, California, Roscoe akiwa bado mdogo. Mama yake akafariki yeye ana miaka kama 12, baba akagoma kumlea, dogo akaishia kufanya vibarua hotelini. Alikuwa na tabia ya kuimba huku anafanya kazi, mgeni mmoja ambaye alikuwa mwimbaji akamsikia akamwambia nenda kwenye shindano la vipaji. Zamani hizo kwenye hayo mashindano ukiboa unavutwa na fimbo ndefu yenye ndoano kutoka pembeni ya jukwaa. Roscoe alipoiona ndoano inakuja akaruka sarakasi akatua chini kwa wapiga muziki, ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko, na ajira akapata.

Kwenye filamu alikuwa mwigizaji, mtunga vichekesho na dairekta wa kazi zake mwenyewe. Hilo la mwisho ndo watu wanalisahau.

Kwa hiyo alianza kama mwimbaji?

Ndiyo, na alikuwa mwimbaji wa maana sio wa kubahatisha. Karibu na 1904 Sid Grauman alimchukua kuimba kwenye ukumbi wake San Francisco, Grauman huyuhuyu ambaye baadaye alijenga ule ukumbi wa sinema wa Kichina Hollywood, wenye alama za mikono na miguu ya mastaa kwenye saruji. Baada ya hapo akazunguka na makundi ya maonyesho, akafika mpaka Japani, China na Ufilipino na kundi la Ferris Hartman. 1908 akamuoa Minta Durfee, mwigizaji mwenzake, harusi ikafungwa Long Beach.

Sasa fikiria, mtu ana sauti nzuri hivyo halafu anaenda kupata umaarufu kwenye filamu ambazo hazina sauti. Tutarudi huko.

Alifikaje kwenye filamu?

Mara ya kwanza ilikuwa 1909 na kampuni ya Selig, filamu fupi inaitwa Ben's Kid. Akafanya chache akarudi jukwaani, wakati huo waigizaji wa jukwaani walikuwa wanaona filamu kama kitu cha kujishushia hadhi, unaenda ukiwa huna hela. 1913 ndo akaingia Keystone, studio ya Mack Sennett pale Edendale, Los Angeles, kwa dola chache kwa siku, na akapangwa kwenye lile kundi la mapolisi wanaokimbizana hovyo na kuangukiana.

Keystone ilikuwa kiwanda. Filamu ya rili moja, yaani kama dakika 10 hadi 12 hivi, inapigwa siku chache tu, mara nyingi hamna hata skripti iliyoandikwa, kuna bustani, kuna kisima, kuna benchi, msichana, polisi, haya anzeni. Ukitoka hai hapo unajua kazi. Chaplin alipofika mwishoni mwa 1913 Roscoe alishakuwepo, na Chaplin mwenyewe alisimulia kwamba siku anatengeneza lile vazi lake la mtu mzururaji, lile suruali kubwa lilikuwa la Arbuckle. Walicheza pamoja mara kadhaa mwaka 1914, ukiangalia The Rounders utawaona wawili wamelewa chakari wanaenda kulala kwenye mtumbwi unaozama.

Ni kweli yeye ndo alikuwa wa kwanza kupigwa pai usoni?

Hii stori inapendwa sana. Inasemwa Mabel Normand alimtupia Arbuckle pai kwenye A Noise from the Deep ya 1913 na kwamba ndo ilikuwa ya kwanza. Tatizo kuna filamu ya 1909, Mr. Flip, ambapo Ben Turpin tayari anakula pai ya uso. Kwa hiyo kwa "wa kwanza" hapana. Ila kwa kutupa pai, hapo ndo mwenyewe, jamaa alikuwa anaweza kurusha mbili kwa mpigo, moja kila mkono, kila moja upande wake, na zinafika.

Na Mabel Normand ni nani, maana naona majina yao pamoja kila mahali?

Mabel alikuwa staa mkubwa wa Keystone kabla ya Roscoe, na naye alikuwa anaongoza filamu, tusimfanye kama msichana wa pembeni tu. Wakaungana wakawa wapenzi wa kwenye skrini, mfululizo wa Fatty na Mabel, Fatty ndo Roscoe kwa jina la kwenye skrini. Kilichowafanya wapendwe ni kwamba wanaonekana kweli wanapendana, hawapigani tu na kuanguka. Angalia Fatty and Mabel Adrift, Januari 1916, wameoana wapya, nyumba yao ipo ufukweni, mpinzani wake kwa hasira anaisukuma nyumba nzima baharini usiku wakiwa wamelala, wanaamka kitanda kinaelea. Ni ujinga mtupu na ni nzuri mno. Lakini kabla ya hapo kuna kipande kimoja, Mabel amelala chumbani kwake, Roscoe anasimama mlangoni, na kivuli chake kinapanda ukutani kinainama kinambusu usiku mwema halafu kinaondoka. Hamguswi mtu. Hicho sio kitu ambacho Keystone walikuwa wanafanya, hicho ni kichwa cha dairekta ambaye anafikiria taa.

Mbwa aliyemo humo, yule anayepanda ngazi, ni Luke, alikuwa mbwa wa Minta na Roscoe wa nyumbani kabisa. Baadaye utamuona na Keaton pia kwenye The Scarecrow anamkimbiza juu ya kuta.

Alianza kuongoza lini?

1914, hapo hapo Keystone. Mwanzo alikuwa anafanya kama wengine, kamera imesimama mahali pamoja watu wanapita mbele. Kufika mwisho wa 1915 Sennett akamruhusu aende na timu yake pwani ya mashariki, Fort Lee, New Jersey, mbali na macho ya bosi, na pale ndo unaona tofauti. Filamu moja ya huko, He Did and He Didn't ya 1916, yeye ni daktari, suti nzuri, nyumba nzuri, anahisi mkewe na mgeni wao wana jambo, wanakula kamba wa baharini walioharibika na usiku zinakuja ndoto mbaya. Ni komedi lakini ina giza, ina wivu wa kweli, wakati mwingine unasahau kucheka. Mtu akiniambia Arbuckle alikuwa bonge la kuanguka tu namtumia hiyo.

Kuanguka kwenyewe nako sio kitu kidogo jamani. Kilo 120 na zaidi, na anaanguka kwa namna ambayo unajua kabisa ni wapi atatua, halafu anainuka bila kuweka mkono chini. Alikuwa hataki vichekesho vya unene, yaani kukwama kwenye kiti au mlango, alivikataa. Na hilo jina la Fatty alikuwa halipendi, lilikuwa la biashara, ukimkuta mtaani ukamwita hivyo anakwambia jina lake analo. Ndo maana humu namwita Roscoe au Arbuckle.

Buster Keaton alitokea wapi?

Hapa nitakaa kidogo maana ndo sehemu ninayoipenda.

1917 prodyuza Joseph Schenck akamtoa Roscoe kwa Sennett kwa kumpa kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho, kampuni yake mwenyewe, Comique, na uhuru wa kuamua kila kitu, Paramount wanasambaza. Studio ikawa New York, jengo ambalo walikuwa wanatumia na Norma Talmadge, mke wa Schenck. Wakati huohuo kijana Buster Keaton, ambaye amekulia jukwaani akirushwa na baba yake tangu mtoto, alikuwa ametoka kwenye kundi la familia na amepata kazi ya onyesho kubwa la New York, dola 250 kwa wiki. Siku moja akapelekwa studio kutembea tu, Roscoe akamwambia hebu ingia humu tujaribu. Filamu ilikuwa The Butcher Boy. Keaton anaingia dukani kununua molasi, sarafu anaiweka ndani ya ndoo, Roscoe anaitafuta, kofia inanata kichwani, mguu unanata sakafuni, na baadaye mfuko wa unga unamkuta usoni kwa nguvu kiasi kwamba unajiuliza kama shingo imebaki.

Keaton alisimulia mwenyewe kwamba jioni ile aliomba aazimwe kamera, akaifungua vipande vipande chumbani kwake aone inafanyaje kazi. Akaacha ile kazi ya dola 250 akaenda kwa Arbuckle kwa dola 40. Arbuckle hakumficha chochote, kamera, jinsi ya kukata, jinsi ya kupanga tukio lianzie wapi liishie wapi, kila alichojua alimpa. Tangu 1917 mpaka Januari 1920 walifanya filamu zaidi ya kumi pamoja, isipokuwa kile kipindi cha 1918 hadi 1919 Keaton alipokuwa jeshini Ufaransa. Kwenye timu alikuwemo na Al St. John, mpwa wake Roscoe, yule mwembamba anayeruka kama mpira, mara nyingi ndo adui.

Hawakukubaliana kila kitu. Roscoe alikuwa anasema muvi utengeneze ukijua akili ya mtazamaji ni ya mtoto wa miaka 12, Keaton akamwambia ukiendelea kufikiri hivyo hutadumu. Na ukifuatanisha filamu zao kwa mwaka utaona mabadiliko, zile za 1917 fujo nyingi, The Garage ya 1920 imetulia, imepangwa, kila kichekesho kinazaa kingine. Nani alimbadilisha nani hapo watu wanabishana, mi naona walibadilishana.

Roscoe alipoondoka kwenda kufanya filamu ndefu, ile timu Schenck akamkabidhi Keaton. Miezi michache baadaye ikatoka One Week.

Ni kweli ile dansi ya skonzi ya Chaplin ni ya Arbuckle?

Dansi ya Chaplin kwenye The Gold Rush, 1925, skonzi mbili zimechomwa kwenye uma zinacheza kama miguu. Sasa fungua The Rough House ya 1917, Roscoe yupo mezani, anachoma skonzi kwa uma, anazitembeza, tena anaiga kile kitembeo cha Chaplin mwenyewe. Sekunde chache tu, anaziacha anaendelea na mambo mengine. Chaplin aliichukua akaipa muda na hisia, akaifanya kitu ambacho dunia nzima inakijua, sio wizi kwa maoni yangu, enzi zile kila mtu anachukua kwa kila mtu. Ila ukweli ni kwamba kwenye mkanda ilitangulia ya Roscoe kwa miaka minane.

Kuna kingine chake ambacho nakipenda zaidi, kwenye Coney Island, 1917 hiyohiyo, anataka kubadilisha nguo, anaigeukia kamera anaipa ishara kwa mkono ipande juu, na kamera kweli inapanda, inangoja, anavaa. Halafu humo humo utamuona Keaton anacheka meno nje. Ndiyo, Keaton, mtu wa uso wa jiwe.

Kwanini kila mtu anakimbia kwenye hizi filamu, walikuwa na haraka gani?

Kamera zilikuwa zinazungushwa kwa mkono. Mpiga picha anaweza kuzungusha polepole, sema picha 16 kwa sekunde au chini ya hapo, na ukumbini mashine ikizungushwa haraka zaidi watu wanaonekana wanakimbia. Kwa komedi walikuwa wanafanya makusudi. Lakini pia kuna nakala mbovu mtandaoni zimehamishwa kwa picha 24 bila kujali, hizo zinafanya kila mtu aonekane kama ameumwa na siafu. Ukiona hivyo tafuta nakala nyingine, sio kosa la filamu.

Alikuwa analipwa ngapi?

Kwa Schenck alikuwa na mshahara mkubwa pamoja na sehemu ya faida. Alipohamia filamu ndefu za Paramount ikawa inaandikwa mkataba wake ni dola milioni 1 kwa mwaka, pesa ambayo kwa miaka ile walikuwa wanaisikia watu wa kuhesabika. Alikuwa na jumba Los Angeles mtaa wa West Adams na gari la Pierce-Arrow la kuagiza.

Filamu zenyewe hizo ndefu, The Round-Up ya 1920, Brewster's Millions, Gasoline Gus za 1921 na nyinginezo, hakuziongoza yeye. Dairekta ni James Cruze, Joseph Henabery, George Melford. Yaani alilipwa zaidi akawa na usemi kidogo, na walikuwa wanamfanyisha kazi filamu moja baada ya nyingine bila kupumua. Kwangu mimi kama dairekta kilele chake kilikuwa 1916 hadi 1920, sio huku kwenye mamilioni.

Haya, hotelini kilitokea nini?

Septemba 1921, wikiendi ya sikukuu ya wafanyakazi Marekani. Roscoe na wenzake wawili, Lowell Sherman na Fred Fishback, wakaendesha mpaka San Francisco wakachukua vyumba vitatu hoteli ya St. Francis, namba 1219, 1220 na 1221. Tarehe 5 watu wakaanza kuja, pombe ipo ingawa ilikuwa miaka ya marufuku ya pombe. Miongoni mwa waliokuja ni Virginia Rappe, mwigizaji wa miaka 30. Akaanza kuumwa sana humo chumbani, walidhani amelewa, daktari wa hoteli naye akachukulia hivyo, akabaki siku kadhaa pale hotelini kabla ya kupelekwa hospitali. Tarehe 9 akafariki. Kibofu cha mkojo kilikuwa kimepasuka na maambukizi yakaenea tumboni.

Mwanamke aliyekuja naye, Maude Delmont, akasema Arbuckle ndo amesababisha, alimshambulia. Roscoe akakamatwa kwa mauaji, akakaa jela karibu wiki tatu mpaka hakimu alipopunguza shtaka kuwa kuua bila kukusudia ndo akapata dhamana.

Kwa hiyo alimuua au hakumuua?

Kesi ziliendeshwa tatu. Ya kwanza, Novemba mpaka Desemba 1921, juri, yaani raia 12 ambao lazima wakubaliane wote, ikagawanyika, kumi wanasema aachiwe wawili wanasema ana hatia. Ya pili, Januari hadi Februari 1922, mawakili wake walijiamini wakaona haina haja apande kizimbani ajieleze tena, juri wakachukulia ukimya kama kukiri, safari hii kumi wakasema ana hatia. Ya tatu akapanda, akaeleza kila kitu mwanzo mwisho, na 12 Aprili 1922 juri wakatoka nje wakarudi baada ya dakika kama sita tu, hana hatia, tena sehemu kubwa ya hizo dakika walikuwa wanaandika tamko la kumuomba radhi, kwamba kumwachia tu haitoshi, ametendewa dhuluma kubwa na hakuna ushahidi hata kidogo wa kumhusisha na kosa.

Na Delmont, shahidi ambaye bila yeye kesi isingekuwepo? Mwendesha mashtaka Matthew Brady hakumuita kutoa ushahidi kwenye kesi hata moja kati ya zote tatu. Kaa na hilo.

Madaktari hawakubishana kama kibofu kilipasuka, ubishi ulikuwa kimepasukaje, na upande wa utetezi ulileta ushahidi kwamba marehemu alikuwa na tatizo la kibofu la muda mrefu. Zile habari chafu za chupa ambazo bado zinasambazwa hazikuwa sehemu ya mashtaka mahakamani, ni za vijiweni na magazeti. Magazeti yalifanya biashara kubwa sana kwa hii kesi, kila siku toleo jipya, na tukisema Roscoe aliumizwa tukumbuke na Virginia Rappe, maana upande mmoja walimfanya malaika, upande mwingine wakamchafua kaburini ili mteja wao apone, mtu ambaye kilichompata ni kwamba aliumwa na hakupelekwa hospitali kwa wakati.

Kama aliachiwa, kwanini alipigwa marufuku?

Hii ndo inaudhi. Studio zilikuwa zinaogopa, makanisa na vyama vya akina mama vinataka serikali idhibiti filamu, na Februari 1922 ndo kwanza dairekta William Desmond Taylor kapigwa risasi nyumbani kwake, mtu wa mwisho kujulikana kumtembelea ni Mabel Normand, kwa hiyo jina la Hollywood lilikuwa limechafuka pande zote. Studio zikamuajiri Will Hays, aliyekuwa waziri wa posta, aje asafishe. Siku sita baada ya hukumu, 18 Aprili 1922, Hays akatangaza filamu za Arbuckle zisionyeshwe. Desemba mwaka huohuo akaliondoa katazo, lakini wenye kumbi hawakutaka tena, miji mingine ikaweka marufuku yake yenyewe. Filamu alizokuwa amemaliza, kama Leap Year, hazikutoka Marekani. Kosa pekee alilokubali ni la pombe, faini dola 500. Gharama za mawakili zilimla nyumba na magari.

Ndo ikawa mwisho wake?

Wa kuonekana usoni, kwa miaka kumi, ndiyo. Wa kazi hapana. Alirudi kuongoza kwa jina la William Goodrich, majina mawili ya kwanza ya baba yake, yule yule baba aliyemkataa. Kuna utani kwamba mwanzo ilipendekezwa Will B. Good. Keaton hakumtupa, alimsaidia pesa, na 1924 alimpa aanze kuongoza Sherlock Jr. lakini haikwenda, Keaton alisema mtu alikuwa amebadilika, anafoka seti nzima, ikabidi ampange kwingine kwa heshima.

Baada ya hapo akaongoza filamu fupi nyingi tu, za mpwa wake Al St. John, za Lloyd Hamilton, za Lupino Lane, na mwaka 1927 zikaja mbili kubwa, The Red Mill ya Marion Davies na Special Delivery ya Eddie Cantor. The Red Mill hela zake zilitoka kwa Hearst, mwenye magazeti yaliyomchinja 1921. Sijui alikuwa anajisikiaje asubuhi akienda seti. 1928 alifungua klabu ya usiku Culver City, Plantation Club. 1931 akamuongoza mwigizaji Louise Brooks kwenye Windy Riley Goes Hollywood na Brooks baadaye alimkumbuka kama mtu mpole sana ambaye anakaa kwenye kiti chake kama ameshakufa, haongozi kitu. Hizi filamu za Goodrich mi siziweki pamoja na za Comique, nyingi ni kazi ya kulipwa tu, zinaenda zinaisha.

Alirudi mbele ya kamera?

Alirudi. 1932 studio ya Warner walimpa filamu fupi sita za sauti, zikapigwa studio za Vitaphone Brooklyn, kwa jina lake mwenyewe, ya kwanza ni Hey, Pop! na ya mwisho In the Dough. Watu wakajaa. Warner wakamwekea mkataba wa filamu ndefu. Usiku wa 28 kuamkia 29 Juni 1933, baada ya kusherehekea mwaka mmoja wa ndoa na mke wake wa tatu, Addie McPhail, alilala hotelini New York na moyo ukasimama. Miaka 46.

Katikati ya Minta na Addie alikuwa na Doris Deane, walioana 1925, kwa wale wanaouliza.

Filamu zake zimebaki ngapi, na naanza na ipi?

Nyingi zimepotea, mikanda ya zamani ilikuwa ya naitreti, inashika moto na inaoza, na baada ya kesi hamna aliyeona sababu ya kuzitunza za huyu mtu. Lakini bado zinapatikana, The Cook ya 1918 ilihesabiwa imepotea kabisa mpaka nakala ikaonekana Norwei mwaka 1998, na vipande vingine Uholanzi. Zile za kimya za kabla ya kesi haki miliki zilishaisha Marekani kwa hiyo zipo bure YouTube na Internet Archive, hakuna anayekudai.

Kama bando ni dogo anza na Coney Island, dakika 25 hivi. Ukiipenda nenda The Cook uone anavyorusha mayai na vikombe kwa mgongo na Keaton anavidaka, halafu The Garage. Ukishawazoea rudi nyuma 1916 kwa Fatty and Mabel Adrift na ile ya daktari na kamba walioharibika. Tahadhari moja, kwenye baadhi ya hizi fupi kuna vichekesho vya kuwadhihaki watu weusi, Out West ya 1918 ina kipande kirefu cha kumpigia risasi mweusi miguuni acheze, hakichekeshi kabisa na sina cha kukitetea, ukifika hapo sogeza mbele au acha.

Hey, Pop! iweke mwisho, baada ya zote. Na chagua nakala ndefu kuliko zote unayoiona kwenye orodha, zile za dakika 8 zimekatwakatwa na watu wa televisheni zamani, wanatoa mwanzo wote wa stori wanaacha fujo tu.